Kipimo hakijakudanganya, mdogo wangu

Leo najibu meseji za usiku wa manane. Huwa nazijua hata kabla sijazimaliza: zinaanza na salamu ndefu, "Dada shikamoo, samahani kwa usumbufu, naomba jina langu usilitaje", zinazungukazunguka kidogo, halafu zinatua pale pale. Hivi kipimo cha VVU kinaweza kudanganya?

Binti mmoja kondomu ilipasuka. Amepima baada ya wiki, baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, na juzi tena, mwezi wa tano. Kote ameambiwa hana. Sasa anauliza kama ni kweli watu wa damu ya kundi O virusi huwa vinajificha. Baba mmoja kijana alichepuka akaenda kavu, mkewe ananyonyesha, na tangu siku hiyo analala sebuleni akisingizia joto. Na yupo aliyeniandikia tukio likiwa halijatimiza hata siku mbili, anataka kujua apime baada ya siku ngapi ili awe na uhakika.

Huyu wa mwisho nilimpigia simu. Na hapa naanza naye, maana ninyi wengine mna muda, yeye hana.

Mdogo wangu, acha kuhesabu siku za kupima. Nenda hospitali leo. Kuna dawa inaitwa PEP ambayo ikianzwa ndani ya saa 72 tangu tukio inaweza kuzuia virusi visishike mwilini. Nasema ndani ya saa 72, lakini usielewe kwamba umepewa siku tatu za kutafakari. Saa ya pili ni bora kuliko ya ishirini, na ya ishirini ni bora kuliko ya sabini. Virusi vikishatoka pale vilipoingilia vikafika kwenye tezi na kuanza kuzaliana, nafasi ya kuvizuia inafungwa. Dawa yenyewe ni ARV, familia ile ile wanayotumia wanaoishi na VVU, na siku hizi mara nyingi ni kidonge kimoja kwa siku kwa siku 28. Ishirini na nane, siyo kumi na nne ukaona uko salama ukaacha.

Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, au kituo cha afya chenye CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU. Kama ni usiku au Jumapili, nenda mapokezi ya dharura. Sema moja kwa moja: "Nilipata tukio la hatari jana, naomba PEP." Watakupima kwanza, na usikasirike. Kama una VVU tangu zamani bila kujua, unachohitaji ni tiba kamili na siyo dozi ya mwezi mmoja. Ukikutana na mhudumu mwenye mdomo, vumilia mdomo wake, chukua dawa. Wakikwambia hapo haipo, usirudi nyumbani. Uliza ipo wapi. Usiende kuomba vidonge kwa jirani unayejua anatumia, na usinunue kwa mtu wa mtaani. Na kama umebakwa, hospitali kwanza. Mambo ya polisi yana nafasi yake, lakini usikae kituoni kusubiri karatasi huku saa zinakwenda. Kama hospitali ya karibu ina Kituo cha Mkono kwa Mkono, huko tiba, polisi na ustawi wa jamii unavikuta mahali pamoja.

Niseme kitu kinachonikera. Kondomu ikipasuka usiku, asubuhi wasichana wangapi wako dirishani kwa mfamasia wanaomba P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba? Wengi tu, na wanafanya vizuri. P2 inafanya kazi ndani ya siku tano, na ukiwahi ndiyo bora. Lakini katika hao, wangapi asubuhi hiyo hiyo wanakwenda kuulizia PEP? Siku ya kwanza tunaogopa mimba peke yake. VVU tunaanza kuviogopa wiki ya tatu, hedhi ikishatoka na moyo umetulia upande wa mimba, wakati dirisha la dawa limeshafungwa siku nyingi. Yaani woga wetu unachelewa. Woga wa VVU ungewahi kama ule wa mimba, nusu ya meseji zangu za usiku zisingekuwepo.

Halafu kuna wanaokimbilia PEP kwa sababu wamebusiana, wamechangia kikombe au wameng'atwa na mbu gesti. Hao wakalale. Mate, jasho, machozi na mbu haviambukizi VVU.

Sasa ninyi ambao saa 72 zimeshapita, kaeni tuongee taratibu.

Swali la kama kipimo kinadanganya siwezi kulijibu mpaka uniambie mambo mawili: ni kipimo gani, na ni siku ya ngapi tangu tukio. Kipimo hicho hicho, kwa mtu huyo huyo, siku ya kumi kinaweza kuonyesha mstari mmoja na siku ya sitini kikaonyesha miwili, na mara zote mbili kimefanya kazi yake sawasawa. Ni kama binti aliyelala na mtu jana usiku, leo asubuhi anakojolea kipimo cha mimba. Kitamwambia hana mimba. Hakijakosea, ameuliza mapema mno.

Kinachotokea mwilini ni hiki. Virusi vikiingia, siku kama kumi za mwanzo ni vichache mno kwenye damu kiasi kwamba hakuna kipimo kinachoviona, hata kile cha bei mbaya kuliko vyote. Baada ya hapo vinaongezeka kwa kasi, na kipimo cha kutafuta vinasaba vya virusi vyenyewe ndicho cha kwanza kuvinasa, kati ya siku ya 10 na ya 33. Hicho hukipati kwenye zahanati. Hapa kwetu Tanzania teknolojia hiyo utaisikia zaidi kwa watoto wachanga waliozaliwa na mama wenye VVU, na kwa kupima wingi wa virusi kwa walio kwenye dawa. Kinafuata kipimo cha maabara cha damu ya mshipani, kinachotafuta kipande cha kirusi kinachoitwa p24 pamoja na kingamwili. Hicho hunasa kati ya siku ya 18 na ya 45. Mwisho ndiyo hivi vyetu vya kutoboa kidole, vinavyosubiri mwili wenyewe utengeneze kingamwili za kutosha. Hivi hunasa kati ya siku ya 23 na ya 90.

Namba hizo mbilimbili zisikuchanganye. Ya kwanza ni siku ambayo kipimo huanza kuwanasa baadhi ya watu. Ya pili ni siku ambayo kimeshawanasa karibu wote. Miili haiendi mwendo mmoja, na kipindi hicho cha katikati ndicho wataalamu wanakiita kipindi cha dirisha.

Kwa hiyo ukitobolewa kidole siku ya 30 ukaambiwa huna, pokea habari hiyo kwa mkono mmoja. Ni dalili nzuri lakini bado. Wiki ya sita au ya saba ukiwa huna, mkono wa pili unaanza kunyooka, maana waliopata maambukizi wengi sana wangekuwa wameshaonekana. Siku ya 90 ukiwa huna, na katikati hapo hukuwa na tukio jingine, huna. Siyo "huna kwa sasa", siyo "huna ila tuone". Huna. Na ukipata hospitali yenye kile cha mshipani, siku ya 45 inatosha kukupa jibu hilo hilo, mradi uulize kwa mdomo wako: hiki kinatafuta na p24, au kingamwili peke yake? Usione aibu kuuliza. Watu wanauliza kitenge ni cha wapi, seuze damu yao.

Ile miezi sita ya kusubiri mnayoniambia, najua mmeitoa wapi. Mmeisikia kwa mama zenu wadogo, na wao walisikia kwa washauri wa miaka ile. Kipimo cha kwanza kabisa cha VVU kiliidhinishwa Marekani Machi 1985, na vipimo vya kizazi kile vilikuwa vizito kuona kingamwili zikiwa bado changa, kwa hiyo watu waliambiwa wasubiri sana. Vipimo vimebadilika mara kadhaa tangu hapo. Hadithi ya miezi sita ndiyo iliyogoma kubadilika.

Kinachoweza kweli kuvuruga hesabu hizi ni dawa za ARV, na kwa hiyo hata PEP na PrEP (ile ya kujikinga kabla ya tukio), kwa sababu zinazuia virusi kuongezeka na mwili unachelewa kutengeneza kingamwili. Ndiyo maana aliyemeza PEP anapewa tarehe zake za kurudi, na azifuate hizo, asijipangie zake. Mengine yote mnayoniletea hayahusiki: kundi la damu, pombe, antibayotiki za mkojo, hedhi, ujauzito, malaria uliyougua mwezi jana, chai uliyokunywa asubuhi. Virusi havijifichi kwa watu wa kundi O, binti yangu. Wala mpenzi wako kupima akaonekana hana hakukufanyi na wewe uwe umepima.

Nimefika kwa baba wa sebuleni.

Wewe umeniandikia kwamba ulipima siku ya 12, ukaonekana huna, na sasa unataka ruhusa yangu ya kurudi chumbani. Sikupi. Karatasi ya siku ya 12 haisemi lolote kuhusu usiku ule. Inasema habari za zamani, za kabla yake. Na kibaya zaidi, mtu aliyepata maambukizi, wiki zake za mwanzo ndipo damu na majimaji yake yanapojaa virusi kuliko karibu wakati mwingine wowote, na ndipo kipimo cha kidole kinapomwambia hana. Ni wakati ambao anaweza kuambukiza kwa urahisi mno, mfukoni ana karatasi safi.

Wewe una mke anayenyonyesha. Kama ulipata, na mimi naomba hukupata, ukampa yeye sasa, naye ataingia kwenye wiki zake za mwanzo za virusi vingi huku mtoto yuko ziwani. Alipima kliniki ya wajawazito, akaambiwa hana, anaamini hana, hakuna atakayefikiria kumpa mtoto dawa za kinga. Njia hiyo watoto bado wanaambukizwa, kwa mama waliokuwa salama kabisa siku ya kujifungua. Kwa hiyo ni kondomu au ni kusubiri, mpaka upate jibu la mwisho. Katafute kipimo cha mshipani siku ya 45 kama unaona 90 ni mbali.

Lakini utavaaje kondomu kwa mke uliyezaa naye bila kusema kitu? Ndiyo unachonizungusha nacho meseji nzima. Mimi nasema mwambie. Najua wapo mashosti zangu watakaosema funga mdomo usivunje nyumba, na wana hoja zao. Ila mwanamke ambaye mumewe amehamia sebuleni na mtoto mchanga ndani tayari anajua kuna kitu, na anachokiwaza huenda ni kikubwa kuliko hicho. Ukishindwa peke yako, nendeni wote kwa mshauri nasaha, mpime pamoja, useme pale mbele ya mtu wa tatu. Vituo vingi vinapokea wenza, na wahudumu wamesikia makubwa kuliko lako. Kwa wanawake mnaoniuliza hilo hilo huku mume ana mkono mwepesi, jibu langu ni tofauti: anza wewe na mshauri, mpange naye namna ya kusema, usalama wako kwanza.

Haya, tuje kwenye kipimo chenyewe, maana kuna wanaoamini vijiti vimeshuka ubora, au vya serikali ni feki na vya binafsi ndiyo vya kweli.

Shirika la Afya Duniani haliidhinishi kipimo cha haraka ambacho hakinasi angalau watu 99 kati ya 100 wenye maambukizi waliokwisha kuvuka dirisha. Kwa upande wa pili, kinaruhusiwa kukosea kidogo kwa wasio na maambukizi: angalau 98 kati ya 100 wasioambukizwa lazima kiwaambie hawana. Piga hesabu hapo. Ukipima watu 1,000 ambao hawana VVU, kipimo kilichofaulu kwa kiwango hicho cha chini kinaweza kuwaonyesha hadi 20 mistari miwili. Ishirini! Ndiyo maana hakuna mhudumu anayejua kazi yake atakayekwambia una VVU kwa kijiti kimoja. Nchini kwetu kwa miaka mingi cha kwanza kilikuwa SD Bioline, kikionyesha kitu kilifuata Uni-Gold kuthibitisha, na tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linahimiza vipimo vitatu tofauti vikubaliane kabla mtu hajaambiwa ana maambukizi. Vikigongana, unaambiwa urudi baada ya siku 14. Siku hizo 14 ni chungu, ninajua, lakini hazimaanishi wanakuficha.

Makosa yanayotokea kweli mara nyingi ni ya mikono na saa. SD Bioline husomwa kati ya dakika 10 na 20. Kile cha kujipima kwa kupangusa fizi, OraQuick, husomwa kati ya dakika 20 na 40. Mtu anajipima saa mbili usiku, anakiweka juu ya kabati, saa nane anakiamsha tena kukitazama kwa tochi ya simu, anaona kivuli cha mstari, anaanza kulia. Muda ukipita, kijiti hicho ni takataka, kitupe. Lakini ndani ya muda wake, mstari hata ukiwa hafifu kiasi gani ni mstari, usijifariji. Nenda kituoni wakapime upya. Na mstari wa juu, ule wa C, usipotokea, kipimo hakijafanya kazi, majibu hayapo.

Kujipima kulihalalishwa Tanzania kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, sheria ile ile iliyoshusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Ni jambo zuri kwa anayeona aibu kupanga foleni. Ila soma karatasi ya maelezo hadi mwisho: kwa OraQuick usile wala kunywa angalau dakika 15 kabla. Na kwa kuwa wengi mmeniuliza: kinapangusa fizi kutafuta kingamwili, hakitafuti virusi kwenye mate. Usitoke hapo ukaogopa kubusiwa na shangazi.

Walio kwenye ARV msijipime kujaribu bahati. Mtu aliyeanza dawa mapema anaweza kupima akaonekana hana, kwa sababu dawa imefanya kazi yake na kingamwili zimefifia. Hajapona. Mnakumbuka mwaka 2011, Loliondo, foleni za magari kuelekea Samunge kwa kikombe cha dawa ya mitishamba cha Babu, cha shilingi 500, kilichosemekana kinaponya. Wapo walioacha dawa baada ya kikombe kile. Na leo hii wapo wanaotoka kwenye maombi na kijiti chenye mstari mmoja mkononi. Wakiacha dawa, virusi vinarudi.

Dalili za maambukizi mapya nazipitia haraka kwa sababu hazina msaada. Ndiyo, baadhi ya watu wiki ya pili hadi ya nne hupata homa, koo kuuma, vipele, tezi kuvimba. Wengine hawapati hata mafua. Na homa hiyo huwezi kuitofautisha na malaria wala na mafua ya msimu kwa kuitazama kwenye kioo. Ulimi mweupe unaouangalia kila asubuhi, kuharisha, jasho la usiku, moyo kwenda mbio, kupungua kilo kwa kuwa huli: hofu peke yake inafanya yote hayo, na inayafanya vizuri sana. Kwa hiyo msinitumie picha za ndimi. Nimechoka nazo, kwa upendo wote.

Mnataka pia kujua hatari ya mara moja ni kubwa kiasi gani. Wataalamu wamepiga hesabu kwa tendo moja bila kinga na mtu mwenye VVU ambaye hatumii dawa. Kwa mwanamke, njia ya kawaida, ni kama maambukizi 8 katika matendo 10,000. Kwa mwanamume kama 4. Kwa anayeingiliwa nyuma ni kama 138. Halafu kumbuka hukujua kama huyo mtu anavyo. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta VVU kwa asilimia 4.4 ya watu wa miaka 15 na kuendelea, na wengi wa walio kwenye ARV virusi vyao vimefubazwa kabisa. Mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo kwa sababu ya dawa hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Nawapa hesabu hii ili mlale, siyo ili mrudie. Ni wastani. Kidonda cha kaswende, kisonono, au mwenza aliyeambukizwa wiki mbili zilizopita hupandisha namba hizo, na wapo watu walioambukizwa mara ya kwanza tu. Mkienda kupima, ombeni na kaswende na homa ya ini aina ya B. Kila mtu ana hofu na VVU tu, hayo mengine yanapita mlango wa nyuma.

Binti wa mwezi wa tano, zamu yako.

Umepima baada ya miezi mitatu, hukuwa na mtu mwingine, huna. Usiku ule hukupata VVU. Hakuna kipimo cha tano kitakachokwambia kitu ambacho cha nne hakikukwambia, na unalijua hilo, kwa sababu kila ukipima unapata raha ya siku mbili halafu mashaka yanarudi: labda walichanganya damu, labda kijiti kimepitwa na muda, labda mimi ndiye yule mmoja. Hata ukibadilisha zahanati, mashaka hayo hayaponi. Nimesoma meseji yako mara mbili na katikati yake kuna sentensi umeiandika haraka haraka ukaipita: kwamba yule mtu alikuwa wa rafiki yako. Nadhani hicho ndicho unachokipimia. Unangoja mashine ikuhukumu kwa jambo ambalo mashine haina taarifa nalo. Zungumza na rafiki yako, au na Mungu wako, au na mshauri, lakini damu yako iache.

Na kama hata ukiliondoa hilo bado hulali, unahesabu vipele, kazi hazifanyiki, ujue hofu nayo huwa ugonjwa, na una tiba. Hospitali za rufaa za mikoa zina watu wa afya ya akili. Waambie hivi: nimepima, sina, na siwezi kuamini. Hawatakucheka, ni wagonjwa wao wa kila siku.

Na kama kuna msomaji ambaye vijiti vyote vimekubaliana kwamba anavyo: tangu mwishoni mwa 2016 hapa nchini dawa huanzwa mara moja bila kusubiri kinga ishuke, na katika vituo vya umma ni bure. Anza wiki hii. Utazaa, utazeeka.

Limebaki la wale ambao matukio yao yanajirudia: kila miezi miwili kondomu imepasuka, kila mwezi "dada nimeteleza tena". Ninyi swali lenu limeshatoka kwenye vipimo. Nendeni CTC mkaulizie PrEP, kidonge cha kila siku cha kujikinga kwa asiye na VVU aliye kwenye hatari kubwa. Ipo pia sindano ya lenakapaviri inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Katika utafiti uliofanyika Afrika Kusini na Uganda na kutoa majibu mwaka 2024, wasichana na wanawake 2,134 walichomwa sindano hiyo, na hakuna hata mmoja wao aliyekutwa ameambukizwa. Mwezi Julai 2025 Shirika la Afya Duniani likaipitisha. Ulizieni kama imefika kwenye kituo chenu, na kama bado, chukueni kidonge huku mkiisubiri.